Karavani Usiiombee Kabla ya Kuinusa

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hanunui mtama mpaka azamishe mkono kwenye gunia hadi begani. Sisemi kiganja, nasema begani. Soko la kwetu Kondoa lilikuwa siku moja kwa wiki, na wauzaji walikuwa wanamjua. Wakimwona anakuja na kapu lake wanaanza kuambiana, "Huyo, mama Rama anakuja kuogelea." Yeye hajali. Anavua bangili, ananipa mimi nishike, anazamisha mkono polepole kama mtu anayetafuta mguu wa ndama tumboni mwa ng'ombe, halafu anatoka na konzi ya mtama wa chini kabisa. Hata hautazami. Ananusa. Hapo ama atasema, "Haya, pima," ama atachukua bangili zake aondoke, na akishaondoka hageuki hata umwite kwa jina la baba yake.

Mimi nilikuwa naona haya. Watoto wenzangu walikuwa wananicheka shuleni, wanajifanya wanazamisha mikono kwenye mifuko ya kaptula. Siku moja nikamwuliza, mama, mbona mama zao wananunua wa juu tu, hawaogelei? Akasema, "Wa juu umewekwa kwa ajili ya macho. Sisi tunakula wa chini."

Nimeukumbuka mtama huo kwa sababu juzi kijana mmoja aliniuliza, "Babu, hii kazi ya karavani ulisomea wapi?" Nikamwambia sokoni Kondoa. Akacheka, akadhani nimechanganyikiwa. Basi ngoja niwaandikie ninyi nyote, ambao kila wiki mnanipigia simu, Babu twende ukanitazamie, nimeona moja nzuri, ina vitanda sita. Mnivumilie lakini. Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo nililimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa mjomba wangu.

Kwa asiyejua, karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu, unaifunga nyuma ya gari unaivuta mpaka porini kwenye viwanja vyao vya kupiga kambi. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo. Mpya ni bei ya kiwanja na msingi. Kwa hiyo sisi wa kipato cha kubana tunanunua kuukuu, na kuukuu ndiyo iliyonilisha mimi miaka ishirini na miwili, katika karakana moja upande wa Laurel, Maryland, huku Amerika. Nilikuja nchi hii nikiwa dereva wa familia moja ya ubalozini, mkataba ukaisha, makaratasi yakakaa vizuri, nikahitaji kazi. Nikaona kibao, wanatafuta mtu wa kuosha. Nikaosha. Sikujua ninachoosha ni nini. Nilidhani ni magari ya wagonjwa.

Aliyenitoa kwenye ndoo ya sabuni ni fundi mkuu, mzee mmoja mweusi aitwaye Otis, mzaliwa wa Shaw, mtaa wa watu weusi pale mji mkuu, enzi ambazo kahawa ya mtaani humo ilikuwa bado kinywaji, haijawa bei ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza ya mafunzo aliniingiza ndani ya karavani, akafunga mlango kwa nje, akasema, "Kaa dakika tano, halafu uniambie." Nikakaa. Nikatoka nikasema ni nzuri, ina mapazia ya maua. Akasema, "Rudi." Nikarudi, nikatoka, nikasema jiko lina mafiga matatu. "Rudi." Mara ya tatu nilikuwa nimeshakasirika, nikakaa kitandani nimenuna, na mtu akinuna huvuta pumzi kwa pua. Nikatoka nikamwambia, humu mnanuka gunia lililonyeshewa. Otis akanishika mkono akautikisa kama nimeoa. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Rama," akasema. "Iliyobaki ni bisibisi."

Maana karavani haiuawi na kilomita, wanangu. Inauawa na maji. Paa lina viungo, madirisha yana viungo, na mvua ya huku inajua njia kuliko ninyi mnavyojua njia za kukwepa foleni ya Beltway, ile barabara ya kuzunguka mji. Tone likiingia kwenye kona ya dari linateremka ndani ya ukuta, linakaa kwenye mbao, na wewe nje unaona ukuta mweupe unang'aa. Kwa hiyo fungua makabati ya juu, yote, umulike kona za ndani kabisa, maana pale muuzaji huwa hapaki rangi. Kanyaga sakafu mlangoni, kanyaga karibu na bafu, inua godoro ukanyage chini ya kitanda cha mbele. Ikibonyea, umefika mwisho wa mazungumzo. Simama nje ubavuni ulaze jicho kama unatazama ubao kama umenyooka, ukiona ukuta umevimba kama shavu la mwenye jino bovu, rudi nyumbani. Ukikuta marashi yananing'inia ndani kila pembe, kuna harufu wanayoificha.

Tairi msizitazame kashata zake, yale meno ya mpira, zinaweza kuwa hazijatembea na bado zimezeeka kama mimi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Na pesa yako yote usiipeleke kwa muuzaji, bakisha ya tairi na ya gundi ya paa. Na mjue uzito ambao gari lenu linaweza kuvuta! Kuna Mkongo mmoja wa kule Falls Church, mtu mtanashati kweli, alifunga karavani ya futi thelathini nyuma ya gari dogo la kwendea kazini. Gari likainua pua kama ndege inayotaka kuruka. Nikamwambia, "Papa, hiyo ni wewe unaivuta au yenyewe inakukalia?" Akanijibu kwa Kifaransa chake cha mzee, "Vieux Rama, itazoea." Haikuzoea.

Siku nzuri ya kwenda kutazama ni siku ya mvua. Watu huniambia Babu tungoje jua. Jua la nini? Mnataka kupiga picha?

Ila la muhimu kuliko yote Otis alinifundisha kwa neno moja: "Egesha." Maana yake, ukifika kwa muuzaji, geuza gari kwanza, liangalie barabarani, ndipo ushuke. Mtu ambaye gari lake linaangalia barabara anaondoka kirahisi. Yule aliyeingiza pua ndani mpaka arudi nyuma, ageuze, muuzaji amwelekeze kwa mkono, njoo, njoo, kata kulia, wameshakuwa marafiki. Na ukishaondoka, alisema Otis, umeondoka. Usirudi kwa lolote.

Nilidhani anatia chumvi. Nikaenda peke yangu, ujuzi wa miaka miwili kichwani, kutazama karavani ya kujinunulia mimi na mke wangu. Nikaikuta imeoza mbele, nikamwambia mwenyewe asante, nikaondoka vizuri kabisa. Kufika kwenye gari, kichwa chepesi. Kofia yangu, kofia ya mkono, aliyonishonea dada, nimeisahau mezani. Nikarudi. Mama mwenye karavani alikuwa ameshaishika, anaisifia ushonaji. Akaniuliza nani kashona. Nikamweleza habari za dada. Akanieleza habari za dada yake. Akatia chai, ile yao ya baridi yenye barafu. Kuja kushtuka, nimeinunua. Mke wangu alipoona ule uozo hakusema kitu siku mbili, siku ya tatu akasema, "Ramadhani, kofia hiyo ni ya dhahabu?" Kila mvua ikinyesha nilikuwa nalala na sufuria kifuani. Otis alikuja akatazama, akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Huyo Otis siku yake ya mwisho kazini hakutaka keki. Alifunga karavani yake mwenyewe nyuma ya gari, akanipa tochi yake, ndefu, nyeusi, mpini umezungushiwa utepe mwekundu wa umeme, akasema, "Hii imeona uongo mwingi." Akaenda zake kusini na mkewe. Mimi nikabaki na tochi. Nimeitumia mpaka nimestaafu, na baada ya kustaafu, kwa hizi kazi zenu za "Babu njoo mara moja". Kijana mmoja wa kompyuta alitaka kunibadilishia, kaniletea kidude cha kupima unyevu, unakigusisha ukutani kinakupa namba. Ni kizuri, sikatai, mnunue. Lakini siku moja kilimwambia ukuta ni mkavu, pua yangu ikasema hapana, tukafungua, uyoga. Na hizi picha za kwenye simu ndizo zimewaharibu kabisa. Picha haina harufu.

Sasa niwape ya Kamau na Wambui.

Hawa ni Wakenya, watu wa Murang'a, wanakaa ghorofa ya tatu pale Laurel, karibu na barabara kubwa. Wambui anatunza wazee majumbani, Kamau yuko kwenye ghala la mizigo. Watoto watatu, wanasikia Kiswahili chote na wanajibu chote kwa Kiingereza. Basi mama yake Kamau akaja kuwatembelea. Shosho, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. Nami nilimwita Shosho kama wote, ingawa sidhani kama amenizidi umri. Magoti yake hayapendi ngazi, kwa hiyo miezi mitano akakaa ghorofani anatazama magari. Wajukuu wanarudi shule, wanasema hai, wanaingia chumbani na simu zao. Bado mwezi mmoja arudi Kenya. Siku moja Wambui akamwuliza, mama, kabla hujaenda unataka kuona nini, tukupeleke Ikulu yao? Akasema, "Nataka kulala usiku mmoja mahali sisikii gari. Na hawa watoto wawe kando yangu, wasiwe na mlango wa kufunga."

Wambui ndiye aliyenieleza hilo kwenye simu. Walikuwa wameweka akiba miaka miwili, ya kununulia karavani moja. Wakikosea ile, hakuna ya pili, na Shosho atapanda ndege ameona Amerika kupitia dirishani.

Wameona moja, akaniambia, Virginia, nje ya Falls Church, bei iko chini, inang'aa. Tukutane Jumapili saa nane. Nikasema sawa, msiahidi kitu mpaka nije.

Nikafika saa nane. Nikageuza gari, likaangalia barabara. Kutazama uani kwa muuzaji, nikaona magari tisa. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni kanisa zima. Wametoka ibadani, wamekuja na chupa za chai na mandazi, akina mama wamevaa vizuri, wameizunguka karavani wameshikana mikono. Mchungaji yuko mlangoni na kichupa cha mafuta, anaipaka karavani kwenye miimo, anaomba Bwana aibariki nyumba hii na magurudumu yake yote manne. Muuzaji, bwana mmoja mwembamba mwenye adabu, amevua kofia yake, ameinamisha kichwa, amina anaisema kwa sauti kuliko wote.

Nami Mwislamu wa Kondoa nimesimama nyuma na tochi yangu. Nikasubiri. Dua ni dua.

Ilipoisha, Kamau akaja mbio. "Mzee Rama! Umechelewa kidogo tu. Si uichungulie sasa haraka haraka tulipe?"

"Mshalipa?"

"Bado. Lakini si unaona, tushaiombea."

Nikamwuliza muuzaji kama bei inashuka kidogo. Akaweka mkono kifuani. Akasema hata yeye ameguswa, kulikuwa na mnunuzi mwingine anakuja jioni, lakini sasa anaona wazi imekusudiwa familia hii, kwa bei ile ile. Hapo nikajua tumekwisha. Ukimwombea mtu bidhaa yake mbele yake, wewe huna tena la kupatana naye.

Nikaingia ndani. Sikuhitaji dakika tano. Marashi manne. Nyuma ya marashi, gunia. Nikamulika ndani ya kabati la juu, kona nyeusi. Nikakanyaga chini ya kitanda cha mbele, kiatu kikazama kama kwenye ndizi mbivu.

Nikatoka nikamwita Kamau pembeni. Akasikiliza, uso ukamwanguka. Wambui akasogea. "Mzee, tunaiachaje? Mchungaji ameipaka mafuta. Watu wote hawa wametoka mbali. Tuseme nini, ati Mungu amekosea?"

"Mimi sijasema Mungu. Nimesema plaiwudi."

"Si tutarekebisha?" akasema Kamau. "Wewe si fundi?"

"Mwanangu, hiyo ukiirekebisha utabaki na magurudumu."

Na mimi nilikuwa na shida yangu. Naweza vipi, mgeni, mtu wa dini nyingine, kusimama mbele ya kanisa la watu niseme mliyoiombea imeoza? Mchungaji ni kijana mwema, angeaibika. Nikatazama huku na huku, nikamwona Shosho amekaa kwenye kiti cha kukunja, kikombe cha chai mkononi, fimbo kati ya magoti. Hajaulizwa na mtu.

Nikamwendea. "Shosho, kwenu mlikuwa mnaweka mahindi ghalani?"

"Sasa tungeweka wapi, benki?"

"Hebu nisaidie. Ingia humo unuse, uniambie mahindi yakoje."

Akanitazama sana. Akampa mjukuu kikombe. Nikampa tochi, akaingia ngazi moja moja, na kanisa lote likageuka kumtazama. Tukasikia fimbo, ko, ko, ko, inakwenda mbele. Halafu ikaacha kulia. Tukamsikia anavuta pumzi.

Akatokea mlangoni. Ncha ya fimbo yake ilikuwa na kipande cha mbao iliyooza, imekwama kama nyama kwenye mshikaki.

"Kamau," akasema, "hii ni mahindi ya mwaka juzi."

Mchungaji akasogea, akakitazama kile kipande, akakigusa kikamvunjikia kidoleni. Masikini, akageuka kumtazama Wambui. "Mama, nasi tumeshaomba..."

"Mliomba nini?" Shosho akamwuliza.

"Tuliombea... nyumba hii, na safari."

"Safari ni yetu. Tunaenda nayo." Akateremka ngazi. "Mafuta mwachieni huyu, sakafu yake ndiyo mgonjwa." Akashika njia ya barabarani na fimbo yake, hata kiti chake cha kukunja hakukigusa, mjukuu mkubwa ndiye aliyekimbia kukichukua. Mchungaji akawa wa kwanza kucheka. Nawaambieni, nilimheshimu pale kuliko kwenye maombi. Akasema, "Ndugu zangu, mmesikia, chukueni mandazi twende." Milango ya magari tisa ikaanza kufungwa, pa, pa, pa. Mengi yalikuwa yameingiza pua, mjue, na muuzaji akawa anakimbia kwenye vioo akitaja bei mpya, kila gari bei yake, inashuka. Nafikiri gari la tisa lingeipata bure.

Naruka mbele kidogo msije mkalala na wasiwasi. Wiki mbili baadaye, siku ya mvua, tukapata nyingine upande wa Maryland, kwa mjane mmoja mwenye haraka ya kuhama. Mbaya ya sura! Rangi ya kahawia ya miaka ya zamani, viti vya mistari, friji inanguruma kama paka. Nikafungua makabati yote, kona kavu. Nikakanyaga kote, ngumu kama barza ya saruji. Shosho akanusa, akasema, "Vumbi na mzee wa watu aliyekuwa anavuta kiko. Hao hawaozi." Wakanunua, wakabaki na pesa ya tairi. Maombi yakafanyika baada ya kulipa, nyumbani, chai ikiwa ya moto. Walienda milimani siku nne. Wambui alinitumia sauti kwenye simu. Sikuelewa mwanzoni, kimya tu. Kisha nikasikia mtoto mdogo ananong'ona kwa Kiswahili, kile chao cha kuvunjika, "Shosho, umelala?" na Shosho anajibu, "Bado. Sema tena." Nimeihifadhi. Mjukuu wangu anajua ilipo.

Lakini ile siku ya Virginia sijaimaliza.

Nilikuwa wa mwisho kuondoka uani pale, Kamau ananisubiri garini mwake barabarani. Nimefika kwenye gari langu, nimeshika kitasa cha mlango, mkono wa kushoto ukajihisi mwepesi. Tochi. Shosho alikuwa ameiweka kitandani ili ashike fimbo kwa mikono miwili. Na huku nyuma nikasikia, "Bwana! Bwana! Tochi yako!"

Nikageuka nusu. Yule muuzaji amesimama mlangoni pa karavani yake iliyopakwa mafuta, ameiinua tochi ya Otis juu, utepe mwekundu unaonekana hadi nilipo. Anatabasamu. Ameshaiwasha, anaizima, anaiwasha, ananimulikia mchana kweupe. "Njoo uichukue," akasema. "Tuongee hata dakika mbili."

Kamau akateremsha kioo. "Mzee, nikukimbilie?"

"Wewe hasa usikanyage pale," nikamwambia. "Washa gari."

Nikaingia garini. Barabara ilikuwa mbele yangu, wazi. Nikaondoka, na mpaka leo sijarudi.